Kikombe cha Baba Atupele

Tabita wa Ihanda ni mama wa usafi, na usafi huohuo ndio uliomponza. Mumewe Osea alipoanza kukohoa na kupumua kwa mluzi, yeye alitoa neno moja tu: kifua. Na kwao ukisema fulani ana kifua, watu hawaulizi mara mbili, wanasogeza viti nyuma. Makohozi yakapimwa mara mbili, kifua kikuu hakikuonekana. "Mashine nazo hukosea," akasema Tabita. Akamtengea mumewe kikombe cha bati, cha bluu, kikakaa kwenye msumari wake peke yake. Mjukuu akikigusa, anazabwa kofi la mkono.

Na Osea, maskini, akawa anajisifu! Jirani yao Marita akija kuwasaidia kuchambua kahawa, lazima aonyeshwe. "Unakiona kile? Mama Atupele kaniwekea kikombe changu. Humu ndani mimi ni chifu bwana!" Marita anacheka. Tabita anainamia ndoo ya kahawa.

Miguu ya Osea ikavimba hata malapa yakagoma kuingia. Kulala chali hawezi tena, mpaka aegemee mito mitatu. Hatua kumi tu kutoka mlangoni, anatafuta pa kukaa. Ndipo wakaenda hospitali, mjini.

Daktari, binti mdogo tu, alimsikiliza mgongoni, akamkandamiza mguu, kidole kikaacha shimo. Akampiga picha ya moyo.

"Mama, mzee hana TB, wala pumu. Moyo wake umechoka."

"Moyo? Mbona kifua ndicho kinachopiga mluzi?"

"Moyo ukishindwa kusukuma damu, damu inarundikana kwenye mapafu. Maji yanavujia humo, njia za hewa zinavimba na kubana. Hewa ikipita pembamba, inalia. Mluzi unausikia kwenye mapafu, lakini ugonjwa uko kwenye moyo. Ameze dawa kila siku, na chumvi umpunguzie. Halafu usiogope, mama, huu hauambukizi."

Hauambukizi! Tabita alitamani sakafu impasukie. Miezi minane! Miezi minane alikuwa akigeuza uso mumewe anapocheka, akifua shuka zake kando, na bado anaitwa mke mwema. Jamani, aibu gani hii?

Dawa zikatoa maji, mluzi ukapungua. Juma la pili Marita akaja kumpa Osea pole.

"Mama Atupele," Osea akaita kutoka barazani, "niletee chai kwenye kikombe cha chifu!"

Tabita akakitungua msumarini, akakijaza chai, akampelekea. Marita alipoaga tu, akapiga magoti mbele ya mumewe.

"Baba Atupele, nisamehe. Kikombe hiki hakikuwa heshima. Nilikutenga. Nilikuogopa."

Osea akavuta pumzi, taratibu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua? Na kujisifu kote kule?"

"Marita alishaanza kuuliza mbona nina kikombe cha peke yangu. Ningemjibu nini, mke wangu ananikimbia? Wangekusema kijiji kizima."

Tabita akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa kwikwi. Osea akamsogezea kikombe, chai imebaki nusu.

"Kunywa basi, inapoa."

Akanywa yote mpaka majani ya chini, na kumtazama mumewe usoni hakuweza.