Chupa Iliyofunguliwa Jikoni

Mtaani Ruashi hata mtoto anajua: mgeni hafunguliwi kinywaji jikoni. Chupa inaletwa imefungwa, inawekwa mbele ya macho yake, na kifuniko kinang'olewa hapo hapo. Kapya alijua hayo kabla hajaota meno ya pili. Ndiyo maana hata yeye mwenyewe hakuweza kujitetea.

Mumewe Clovis alikufa miaka minne iliyopita. Alikula bukari, ugali aliousonga mkewe, akalala mzima, hakuamka. Kule Pweto kwa wakwe maneno ya sumu yakaota miguu. Lisemwalo lipo, walisema, na tangu siku hiyo hakuna ndugu wa marehemu aliyekanyaga kwake, wala kuuliza hali ya binti yake, Chola. Halafu Jumamosi moja asubuhi akatokea Ngosa, dada mkubwa wa Clovis, na mfuko wa samaki wakavu mkononi.

Kapya nusura alie. Akinywa kwangu tu, alijiambia, maneno yamekwisha. Akakimbia dukani kununua sukre ya nanasi, soda aliyoipenda Ngosa tangu siku ya harusi ya Kapya na Clovis, ya chupa ya kioo, baridi hadi inatoka jasho. Kifungulio hakikuonekana. Na furaha nayo ina wazimu wake: akang'ang'ana na kisu jikoni, kifuniko kikaruka chini ya meza, naye akaipeleka sebuleni mbio kabla povu halijamwagika.

Ngosa akaitazama chupa.

"Nani anafungula?"

"Ni miye, yaya," Kapya akajibu kwa heshima ya dada mkubwa. "Kifungulio kinapotea, njo minafungula na kisu."

"Ah bon."

Kapya akamimina gilasi, akainywa yeye kwanza, yote. Ikawa vibaya zaidi, kama mtu anayeapa kabla hajaulizwa.

"Merci, Mama Chola. Minashiba."

Kapya akataka kwenda kununua nyingine, akaacha. Maji yakimwagika hayazoleki. Ngosa akaaga kwa adabu zote, akaacha samaki mezani.

"Mama, tupike ile samaki?" Chola akauliza.

Kapya akafungua mfuko. Samaki wanono, wa ziwa Mweru hasa. Akasimama na sufuria mkononi. Hakuna aliyemwona Ngosa akiwafunga. Akalionea aibu wazo hilo, akalifukuza, likarudi.

"Kesho," akasema. Akaufunga tena mfuko, akauweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.