Mtafiti Mwenye Viganja vya Moto

Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mwanamke yeyote, mtafiti wa saratani ya mlango wa kizazi alikumbatia kikombe cha chai mpaka viganja vipate moto. Majibu aliyatoa kwa sauti ileile, mazuri kwa mabaya. Namnyaki, binti aliyemsindikiza mama yake kwenye zahanati ya kijiji cha Maji ya Chai kuchukua majibu ya kipimo cha marudio, alimtazama sana, hakuambulia kitu usoni pake. Lakini safari hii mtafiti alifungua karatasi, akacheka kabla hajasema.

“Mama, huna saratani!”

“Hebu rudia, daktari. Sikio la pili halijasikia.”

Akarudia kwa kelele, benchi zima la wanawake waliokwisha kupata majibu yao likapiga vigelegele. Mama alikuwa wa mwisho kwenye orodha ya utafiti pale kijijini; kazi ilikuwa imekwisha. Mtafiti akatoka akijifuta machozi, akapanda gari kwenda kupima kijiji kingine, na pale hakurudi tena.