Hodan na Susa ya Nyumba Moja

Tangu adhuhuri moyo wangu haujatulia.

Hodan, binti wa kaka yangu, huniita adeer, yaani baba mdogo. Anasomea vijidudu chuoni. Mwezi uliopita alipita nyumba kwa nyumba mtaani petu, hapa Garissa, akiomba susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa. Alitaka kujua ni bakteria gani wanaopatikana katika kibuyu cha kila nyumba. Hao, wanaochachusha maziwa, anawaita kiini.

Akawapata. Bakteria wa vibuyu vyote walifanana! Kesho anawaeleza walimu wake.

Leo nilimshukuru jirani yetu, Mama Abdi, kwa kumpokea vizuri.

Akacheka. "Mwalimu, kiangazi hiki mimi ningekuwa na maziwa gani? Niliomba susa kwa Habiba, jirani mwenye ngamia. Mgeni atoke kwangu mkono mtupu?"

"Na majirani wengine?"

"Wallahi, sote tulikwenda kwa Habiba! Alitugawia mpaka akachoka."

Nilikaa kitako palepale, mlangoni pake.

Kisha nikampigia Hodan simu. Nikamweleza yote.

"Adeer, kwa hiyo nimepima kibuyu cha Habiba tu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona walinidanganya?"

"Hawakukudanganya. Uliomba maziwa, wakakupa maziwa. Hukuuliza yametoka wapi."

"Na kesho je?"

"Waambie walimu wako ukweli kabla hawajauliza."

Akakata. Sasa hapokei simu yangu.

Ninyi mliowahi kulea wanafunzi, niambieni: nimemwokoa mtoto huyu, au nimemvunja moyo usiku wa kuamkia siku yake kubwa?