Brashi ya Baba na Maji ya Mandewa

Asubuhi baba alipoacha kunyoa ndevu, niliogopa kuliko siku niliporudishiwa tasnifu yangu ya uzamili ikiwa imejaa wino mwekundu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Shirika la umma alilolitumikia lilikuwa limefungwa, naye alikuwa amebakiwa na desturi moja tu ya mtu mwenye pa kwenda: kila kulipopambazuka aliketi uani kwetu Mandewa, akajipaka povu kwa brashi ya zamani yenye mpini wa mfupa, akanyoa, akavaa shati safi, akaenda mjini kuuliza kazi. Kisha brashi ikaanza kunyonyoka. Nywele zilimganda mashavuni, wembe ukazirukia, ukamkata. Akaisimamisha brashi dirishani, juani, kama kawaida yake, akarudi kulala. Siku zilizofuata hakutoka.

Mjomba, mdogo wake marehemu mama, alikuwa na kibanda sokoni. Alikuja na pakiti ya nyembe za plastiki.

"Shikamoo, shemeji. Nasikia umeamua kuwa beberu."

"Marahaba. Beberu ana kazi. Mimi sina."

"Basi chukua hizi. Unanyolea, unatupa. Na hiyo brashi itupe pamoja nazo, imezeeka." Akanigeukia. "Na wewe, mjomba, hayo makaratasi yako ya chuo nayo ni ya kutupa. Njoo sokoni tuuze mitumba."

Baba aliipokea pakiti, akaiweka chini bila kuifungua. Mimi niliichukua brashi. Sikulikubali neno "imezeeka". Hayo si maelezo. Ni uvivu wa kuyatafuta.

Nilizitandaza nywele zilizotoka juu ya karatasi nyeupe. Zote zilikuwa zimekatika. Hakuna hata mmoja uliong'oka na shina lake. Kwa hiyo gundi ilikuwa bado imeshika. Kwenye mashina yaliyosalia palikuwa na ukoko mweupe, mkavu, unaokwaruza kucha. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni ndani yake haitoi povu upesi, inafanya utando. Nilidhani utando huo ndio uliogandia mashinani, jua la dirishani likaukausha, na nywele, kila zilipokandamizwa shavuni, zikavunjikia hapo. Lakini tasnifu yangu ilihusu chumvi za udongo, na msimamizi wangu alikuwa ameandika pembeni kwamba ninakimbilia hitimisho. Je, nilikuwa naiona chumvi kwa sababu ipo, au kwa sababu ndiyo pekee niliyofundishwa kuiona? Nilijihoji hivyo mpaka chai ikapoa.

Njia ya kujua ilikuwa moja. Nilichota maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa, tuliyoyatunza kwa ajili ya kuchemshia maharage, nikakamulia ndimu, nikaitumbukiza brashi. Maji yakageuka kama tui, ukoko ukaanza kuachia. Nilizichambua nywele kwa vidole, nikasuuza, nikaikung'uta, nikaining'iniza kivulini, kichwa chini. Kesho yake nikarudia. Zilizokuwa zimevunjika nusu zilitoka, nikaziacha zitoke.

Mwishowe nilimpelekea baba beseni la maji yale yale ya mvua, yakiwa vuguvugu.

"Baba, usiikandamize. Izungushe kwa ncha tu."

"Sasa unanifundisha kunyoa, mama?"

"Ndiyo."

Akaichovya brashi, akaanza. Povu likapanda, zito. Unywele mmoja ulibaki tayani; akauondoa kwa kidole, akaupangusia kwenye ukingo wa beseni, akaendelea na shavu la pili. Alivaa shati. Mlangoni akakutana na mjomba.

"Shemeji, unakwenda wapi na kazi hakuna?"

"Kuwauliza tena."

Pakiti ya nyembe alimrudishia mkononi, bado haijafunguliwa. Mimi niliingia ndani, nikaufungua ukurasa wa kwanza wa tasnifu wenye wino mwekundu, nikaanza kujibu.

Pipa lilikuwa limebaki na tope. Maharage ya jioni ile niliyachemshia maji ya kisima. Yalikataa kuiva, tukayala hivyo hivyo.