Miwani ya Bi Duara

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwalimu wa darasa la tano alirudi kutoka semina ya siku tatu na cheti chenye mhuri, na tangu Jumatatu ile hapakukalika shuleni. Huko semina walichorewa duara lililokatwa vipande: akili ya maneno, akili ya hesabu, akili ya mikono, akili ya masikio, akili ya kuishi na watu. Kila mtoto ana yake, wakaambiwa, na mwalimu ndiye wa kuitafuta. Basi akalichora lile duara ubaoni, akalichora mlangoni, akalichora hata nyuma ya daftari la mahudhurio. Wanafunzi nao hawakulaza damu. Kufikia Ijumaa alikuwa Bi Duara, na jina likamganda.

Tumpe haki yake, lakini. Miaka ishirini alikuwa amefundisha kwa mtindo mmoja tu: yeye aandike, wao wanakili, asiyeelewa shauri yake. Sasa alipanga madawati upya. Yule aliyekuwa akilia kila wakifika kwenye hesabu za sehemu akazielewa kwa kuchanachana karatasi. Yule msemaji aliyefukuzwa nje kila siku akapewa kazi ya kuwaeleza wenzake, na kumbe anaeleza vizuri kuliko mwalimu. Darasa likachangamka. Bi Duara akawa anaamka asubuhi na hamu ya kwenda kazini, jambo ambalo hata mume wake alilishangaa.

Fahari yake kubwa ilikuwa binti mmoja wa miaka kumi, wenzake wakimwita Redio. Msomee ukurasa mara moja, atakurudishia wote, na pale ulipokohoa atakukoholea. Ila mpe kitabu mkononi sasa! Atakishika mbali, atafikicha macho, machozi yatamtoka, atapiga miayo, atakifunga. Bi Duara alitazama duara lake, akapata jibu: akili ya masikio. Akamketisha kwenye benchi la masikio, wenzake wakawa wanamsomea, na majaribio akayajibu kwa mdomo. Wageni wakija, Redio ndiye wa kusimamishwa. Miaka miwili ikapita, mwalimu akapanda na darasa lake hadi mwaka wa mwisho, na sasa mtihani wa kumaliza ulikuwa umebakiza miezi miwili. Mtihani wenyewe ni wa karatasi, na karatasi haina mdomo. Bi Duara alilijua hilo fika. Alijiambia litatatuliwa mbele ya safari.

Na si kwamba hakuambiwa. Muhula ule wa kwanza kabisa, mama yake Redio, fundi cherehani, alikuja shuleni na sindano bado zimechomekwa kifuani. "Mwalimu, mwanangu akishika kitabu kichwa kinamuuma, macho yanatoa machozi. Nifanyeje?"

Bi Duara alicheka, tena kwa upole. "Mama, mtoto wako haumwi. Akili yake iko masikioni." Akachukua karatasi, akachora duara, akakitia rangi kipande kimoja, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa nzuri: Huyu asisumbuliwe na vitabu. Asimuliwe tu. Akatia sahihi. Mama aliondoka akishukuru.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya Bi Duara yalikuja Alhamisi, baada ya mapumziko. Alikuwa ameacha miwani yake ya kusomea mezani, akaenda ofisini kuchukua chaki. Aliporudi akasikia darasa linaangua kicheko. Redio amesimama mbele, miwani ya mwalimu kwenye ncha ya pua, mkono kiunoni. "Kila mtoto ana akili yake," alikuwa akisema, sauti ni ya Bi Duara kabisa, "wewe yako umeisahau nyumbani?" Ili kunogesha, akainua kitabu cha mwalimu ajifanye anasoma. Hapo akasahau kuigiza.

Bi Duara alikuwa amekwisha kunja uso mlangoni, tayari kufoka.

"Mwalimu," Redio alisema, "herufi zimesimama."

"Zimesimama vipi?"

"Huwa zinaogelea. Leo zimetulia."

Bi Duara akashika fremu ya mlango. Miaka tisa alikuwa anavaa miwani ile kwa sababu hiyo hiyo, herufi zilipoanza kumwogelea na yeye. Nyani haoni kundule, lakini huyu hakuona hata kilichokuwa puani kwake! Alijisikia vibaya, vibaya hasa, kama mtu aliyemkanyaga mtoto gizani na kuendelea kutembea.

Jioni aliongozana na Redio hadi kwa mama yake. Njia nzima alikuwa akitunga maneno. "Mama, nimegundua jambo." Nimegundua: neno tamu, halina mkosaji ndani yake. Moyo ulimwambia sema yote. Ulimi ukamwambia, una wazimu wewe?

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja: cherehani mlangoni, pasi, vipande vya kitambaa sakafuni, sare za shule zimetundikwa. Na juu ya cherehani, ukutani, ndani ya plastiki ili isichafuke, kulikuwa na karatasi yenye duara. Bi Duara aliitambua kabla hajakaa.

"Karibu, mwalimu, karibu kiti."

"Mama, nimegundua kuwa mtoto ana tatizo la macho. Kesho nampeleka hospitali mwenyewe akapimwe."

Mama akapiga makofi. "Jamani, mwalimu! Wewe una jicho! Mwingine angeona wapi?"

Sifa ile haikuwa yake. Hapo ndipo pa kusema. Akatabasamu. Alitabasamu, na hakujisamehe tabasamu lile.

Redio hakuwa na habari nao. Miwani ya mwalimu bado usoni, alikuwa akizunguka chumba anasoma kila alichokikuta: kibandiko cha uzi, kalenda, jina lililo ubavuni mwa cherehani. Alisoma kama mtoto wa chekechea, silabi moja moja, kidole kikiongoza, binti wa miaka kumi na miwili. Akafika ukutani.

"Hu-yu... a-si-su-mbu-li-we... na... vi-ta-bu."

Cherehani ikasimama.

"Mama, huyu ni mimi?"

Mama alitazama karatasi, kisha akamtazama mwalimu, na Bi Duara akaona jinsi mama alivyokumbuka siku ile yote.

"Uliniambia, mama," Bi Duara alisema. "Kichwa, machozi, vyote uliniambia. Mimi nikakuchorea duara. Na leo sikugundua kitu, mtoto alikuwa ananiigiza mimi. Nisamehe."

Angefoka, ingekuwa nafuu. Mama hakufoka. Alichomoa sindano kifuani, akaichomeka tena palepale. "Miaka miwili, mwalimu, nimekuwa nikimnyang'anya vitabu. Dada yake akimletea, nasema mwache, mwalimu wake amekataza."

Bi Duara alinyoosha mkono aibandue ile karatasi.

"Rudia, mwanangu," mama alisema, bila kumwondolea mwalimu macho. "Soma tangu mwanzo, kwa sauti. Mwalimu wako mara ya kwanza huwa hasikii."

Redio akapandisha miwani puani, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Hu-yu," alianza.