Damu Iliyokataa Kuganda

Juzi, kwenye maabara ya chuo hapa Kitengela, niliinamia hadubini nikaona vijiti vidogo vimeungana kama mabehewa ya treni. "Hao ndio bakteria wa kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu," mwalimu alisema, na papo hapo nikasikia harufu ya boma letu kule Oltepesi.

Nilikuwa bado mtoto alasiri ile ng'ombe wetu mwekundu alipoanguka ghafla akafa. Kilikuwa kiangazi, na nyama haikuwa kitu cha kutupa. Baba alipokuja na kisu, damu nyeusi ilikuwa ikimtoka ng'ombe puani, ikichuruzika tu mchangani bila kuganda. Mimi niliamini damu ya aliyekufa hulala, haitiririki tena. Nikamshika baba shati nikilia.

"Baba, usimkate! Bado yuko hai!"

Alicheka kwa upole. "Amekufa, mtoto wangu. Shika huu mguu."

Siku chache baadaye mkono wake ulitoka kidonda, katikati cheusi kama kaa lililozimika. Hakikumuuma, kwa hivyo hakwenda hospitali mpaka tukawa tumechelewa kumwokoa.

Leo najua kwa nini damu ile haikuganda. Siku ile nilijua tu kwamba hapaswi kumkata, na bado nilishika mguu.