Shockwave ya nyonga, na kazi ya Mwea niliyoogopa kuikubali

Wakuu, salamu. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: nikikubali kazi halafu nyonga inikatae katikati ya mashamba, itakuwaje?

Kazi yenyewe ni ya field officer kule Mwea, kutembelea wakulima wa mpunga. Kutwa unatembea juu ya matuta membamba.

Na mimi upande wa nje wa nyonga ya kushoto umeniuma tangu nimalize chuo. Kuulalia siwezi. Ngazi napanda kama nyanya yangu.

Nilishafanya stretching za YouTube, ile ya kuvuta goti hadi upande wa pili. Ilizidisha. Msiniulize nilitazama video ngapi.

Physio mmoja wa Nyeri akanipima, akapendekeza shockwave, tiba ya mashine, pamoja na mazoezi. Mimi nikasikia umeme. Nikauliza kama mfupa unaweza kupasuka, kama moyo unaweza kusimama.

Akaniwekea kichwa cha mashine kwenye kiganja kwanza. Si umeme. Ni kugongwa haraka haraka, kama mtu aliyebanwa na mvua mlangoni.

Kisha akaniambia nisimame vile husimama nikichuna majani chai.

Kwetu Kangema shamba ni mteremko. Unatupa uzito wote kwa mguu wa chini, nyonga inatokea nje, unachuna. Mamangu, aliyenisindikiza, akacheka.

"Hata akiosha vyombo husimama hivyo. Nilidhani ni maringo ya chuo."

Physio akasema hapo ndipo kano hubanwa, na ile stretching ilikuwa inaibana vilevile. Nikamwomba anihakikishie nitapona.

"Siwezi. Mashine itasaidia, lakini ukirudi kusimama hivyo, tutaonana hapa tena."

Session ya kwanza iliuma, na kesho yake nikaamini nimejiharibu kabisa. Wapi. Wiki zikapita, mazoezi kila siku, mama akinipigia kelele kutoka mstari wa pili wa chai: "Miguu miwili, graduate!"

Asubuhi moja nikaamka nimelalia upande wa kushoto. Nikatulia, nikingoja maumivu. Yakaja kidogo tu.

Nilichojifunza: nilikuwa nangoja hakikisho ambalo hakuna mtu anaweza kulitoa. Na mwenye maumivu kama yangu apimwe kwanza, asijitibu na video.

Mliofanyiwa shockwave, kwenu ilikuwaje? Semeni ukweli, hata kama utanitia wasiwasi.

Mimi nilipiga simu Mwea nikasema nakuja. Gumboots ziko hapa mlangoni, zina matope ya shamba la chai tayari.